Uzi wa Sweta la Apiyo

Kofia aliiacha haijafika nusu. Hilo Adongo alikuwa na uhakika nalo, maana kabla ya kulala aliivalisha goti lake na kucheka peke yake, akasema kama kichwa cha mtoto wa Precious ni kidogo kama goti langu basi tumekwisha. Akameza vidonge vya maumivu, akajifunika blanketi pale pale kwenye kochi, akasinzia. Alipoamka, jua likiwa bado limesimama juu ya bati, kofia ilikuwa imefika masikioni.

Mwingine angepiga yowe. Adongo aliigeuza mkononi akatafuta sababu, kama sisi sote tunavyotafuta sababu tukiogopa kuogopa. Labda nilifuma kabla sijalala, dawa zile zinasahaulisha. Labda mama alipita mara moja. Lakini komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, na mama yake, Everlyne kwa jina, alikuwa sokoni na nyanya zake. Mama Everlyne hata aambiwe nyumba inaungua, atauliza kwanza nani atamlindia meza.

Ndipo akaona vitanzi. Mtu wa mkono wa kulia akifuma, vitanzi vyake vinalala upande mmoja. Wa mkono wa kushoto, vinalala upande wa pili. Ni kitu kidogo, asiyefuma hawezi kukiona. Nusu ya juu ya kofia ile ilikuwa ya Adongo. Nusu ya chini ilikuwa imelala kinyume. Na katika nyumba ile ya Nyamisangura, mtu mmoja tu aliwahi kufuma kwa kushoto, naye walikuwa wameshamzika.

Huyo ni Apiyo, pacha wake. Apiyo alitangulia kutoka, Adongo akafuata, na kwa Wajaluo majina hayo hayachaguliwi, mtoto anakuja nayo. Wote wawili walikuja pia na sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaouma viungo. Bibi yao aliwahi kumfunga Apiyo mkono wa kushoto kwa kitambaa ili ajifunze kula kwa wa kulia kama watu. Apiyo akakaa na njaa siku nzima, hadi bibi akamfungua mwenyewe huku anatukana. Sikoseli nayo, baridi ni adui yake, na baridi ya Tarime asubuhi haina adabu, kwa hiyo mama yao aliwachagulia kwenye mitumba masweta mawili ya sufu ya kweli: la bluu la Adongo, la zambarau la Apiyo.

Masika ya mwaka juzi Apiyo alishikwa na kifua. Wakamkimbiza hospitali, akarudi ndani ya sanduku. Walimzika kijijini kwa baba yao, nje ya ua. Ndiyo desturi yao: msichana aliyefikia umri wa kuolewa akafa bila kuolewa hana boma lake, na ndani ya boma la baba yake halali. Na kila alichovaa kinakwenda naye, mpaka ndala. Nguo ya msichana kama huyo haigawiwi wala hairithiwi. Wazee wanasema ikibaki, mwenyewe atakuja kuivaa.

Kila kitu kilikwenda, isipokuwa lile sweta. Mama Everlyne alilificha. Usimhukumu haraka. Mwanamke yule majirani walikuwa wamemwita Mama Apiyo miaka yote, na wiki moja baada ya mazishi wakaanza kumwita Mama Adongo, kwa huruma tu, wasimtoneshe kidonda. Hakuwa akiitika. Watu wakadhani ameanza kuwa kiziwi.

Mwaka huu ugonjwa ulimrudisha Adongo nyumbani kutoka chuo cha ualimu. Mwanzoni rafiki zake wawili, Precious na Frida, walikuja karibu kila siku na machungwa na umbea. Baadaye Precious akajifungua mtoto wa kiume, Danford. Frida naye akapata kazi dukani. Ugonjwa mrefu unawachosha hata wanaokupenda, na hakuna wa kulaumiwa. Basi Adongo akaamua kuwafumia zawadi. Kofia na soksi za Danford, skafu ya Frida. Aliwaza kwamba mtu akivaa kitu ulichokitengeneza kwa vidole vyako, hawezi kukusahau kirahisi.

Nyuzi zikamwishia njiani. Miguu haikuweza kumfikisha dukani, akaenda kupekua kabati la mama yake, na chini kabisa, ndani ya kitenge kilichokunjwa vizuri, akalikuta sweta la zambarau. Alilitambua kabla hajalikunjua. Akazika uso humo, akalia mpaka pua ikaziba. Kisha akawaza jambo ambalo lilionekana jema, na ndilo lililowaponza. Precious na Frida walikuwa marafiki wa Apiyo pia. Basi zawadi itoke kwetu sote wawili. Akatafuta ncha ya uzi kwenye pindo, akavuta, na sweta likaanza kufumuka mstari kwa mstari.

Jioni mama yake aliingia, akaona kidonge kikubwa cha uzi wa zambarau kwenye kochi. Akaweka kapu chini. Adongo akasubiri kugombezwa.

"Umelifumua lote?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Lote, mama. Nisamehe."

Mama Everlyne alikaa, akakichukua kile kidonge, akakiweka mapajani akakishika kwa mikono miwili. Alikaa nacho hivyo hadi taa ilipowashwa.

Kwa hiyo mchana ule, Adongo alipoviona vitanzi vya kofia ile ya zambarau vimelala kushoto, hofu ilikuja kweli, lakini haikuja peke yake. Ilikuja na furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyomziba mdomo. Akaitazama nafasi iliyokuwa wazi kwenye kochi, upande ule ambao Apiyo alipenda kukaa.

"Apiyo," akanong'ona. "Ni wewe?"

Bati lilialika kwa joto. Harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya mafuta ya kijani ambayo mama yao aliwachua nayo magoti tangu wakiwa wadogo, ikapita chumbani, na nyuma yake ikafuata harufu ya udongo uliolowa. Nje kulikuwa kukavu, mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Hakumwambia mtu. Kila mchana alifuma kidogo, akameza dawa, akalala, na akiamka kazi imesogea. Akawa anazungumza. Alimsimulia Apiyo habari za chuo, za baba yao Okal anayepika kwenye kambi ya watalii kule Robanda, kwamba sasa anajua kutengeneza chapati za Wazungu zisizo na ladha. Wakati mwingine kochi liliitika upande wa pili, kama mtu aliyejisogeza. Kwa mara ya kwanza tangu masika yale, Adongo hakuwa mpweke, na ukiwa mpweke vile hutaki kuuliza maswali mengi. Zawadi zikaisha. Frida akazipitia, akajifunga skafu pale pale, na kofia na soksi akampelekea Precious.

Frida alirudi siku chache baadaye, skafu iko ndani ya mfuko wa karatasi. Hakukaa. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai.

"Adongo, usinielewe vibaya," akasema akiangalia chini. "Hii skafu sijui ina nini. Nikiivaa, magoti yananiuma mpaka nalia. Nikiivua, yanaacha. Na dukani nasikia mtu nyuma yangu anapumua, pumzi ya baridi, nikigeuka hakuna mtu. Halafu kuna harufu."

"Harufu gani?"

"Ya hapa kwenu." Frida alipandisha macho, yamejaa machozi. "Ile dawa yenu ya kuchua. Adongo, mtoto wa Precious ni mgonjwa. Vidole vya mikono na miguu vimevimba kama vya watoto wa sikoseli. Wamempima hospitali, hana. Wamerudia kumpima, hana. Analia mchana kutwa, na Precious hamvui ile kofia kwa sababu umemfumia wewe. Anasema ni ya rafiki yangu mgonjwa, nikiivua nitakuwa na roho mbaya."

Adongo alijiinua kwenye kochi. "Mwambie aivue! Kimbia, Frida, mwambie aivue sasa hivi, na soksi, vyote!"

Frida akakimbia. Adongo akafunga komeo, akabaki na skafu. Akageukia ile nafasi kwenye kochi, na mara hii hakunong'ona.

"Mwache mtoto, Apiyo. Yule ni mtoto wa Precious, unanisikia? Sifumi tena. Nimeacha."

Akaitupa sindano ya kufumia chini ya meza, akajilaza, akageukia ukuta. Alipania asisinzie, lakini dawa ni dawa. Na katika ule usingizi mwepesi wa saa nane mchana, wakati mtaa mzima umenyamaza na hata kuku wamejificha kivulini, akasikia sauti ndogo ya sindano ikigonga ukucha, tik, tik, tik, karibu sana, karibu kuliko siku zote, akafikiri ni ndoto, akafikiri ni bati, akajilazimisha kufungua macho polepole huku moyo unamgonga hadi kwenye meno, na akaona sindano inakwenda, inaingia na kutoka, na uzi wa zambarau unapanda kutoka kwenye kidonge kilichokuwa kikijiviringisha sakafuni, na mkono ulioishika sindano ile, mkono wa kushoto uliokuwa ukifuma kwa haraka na kwa ustadi ambao yeye hakuwahi kuwa nao, ulikuwa mkono wake mwenyewe, umeota kwenye bega lake mwenyewe, baridi kama umetolewa kisimani, na hakuweza kuusimamisha.

Alichokuwa anakifuma kilikuwa soksi. Soksi ndogo, ya mtoto.

Kelele zake ziliwaleta majirani, wakapiga mlango hadi komeo likang'oka. Jioni mama yake alimpigia simu Okal kule Robanda, na Okal hakutaka kusikia zaidi ya nusu ya habari. Akamtuma dada yake. Huyo ndiye Amondi, shangazi yao, Waya kwa Kijaluo, mkazi wa ng'ambo ya mpaka, aliyevuka Sirari asubuhi yake na kanzu nyeupe ya kanisa lake na rozari shingoni, amekasirika tangu mlangoni.

"Shikamoo, Waya," Adongo akasema.

"Marahaba. Si ujione vile umekonda." Akavuta pumzi puani, akanusa chumba chote, kisha akamgeukia mama yao. "Everlyne. Nani alibaki na kitu ya huyu msichana?"

Mama Everlyne alikuwa akiangalia sakafu.

"Mimi sitaki mchezo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ni nani?"

"Ni mimi, Waya. Sweta tu."

"Sweta tu!" Shangazi alikaa kwa kishindo. Kisha, kwa namna ambayo Adongo hakuitarajia, uso wake ukalegea. "Sasa nyinyi mnadhani huyu mtoto amekuja kuua watu? Hapana. Anasikia baridi. Amelala nje huko peke yake, hana bwana, hana mtoto, hata sweta yake hamkumpatia. Anatafuta mahali pa joto, anaingia. Lakini akiingia, anaingia na ugonjwa yake. Hawezi kuiacha nje kama viatu."

Adongo alianza kulia. "Kwa hiyo tumfukuze?"

"Tumrudishie nguo yake. Uzi yote. Wewe ndiye ulifumua, wewe ndiye utafumua tena. Usibakishe hata ya kushonea kifungo. Kikibaki kipande, huyo mwenye ako nacho ndiye amemfungulia mlango."

Frida alikwishaleta kofia na soksi, akaviacha kizingitini bila kubisha hodi. Wakakaa sebuleni, mchana mweupe, mlango wazi. Shangazi alisali kwa Kijaluo, chini chini, bila kupumzika. Adongo alifumua, mama yake akaviringisha. Vitanzi vya Adongo vilitoka kwa urahisi. Vya kushoto viligoma. Uzi ulijikaza, ukamzunguka kidole hadi kikawa cheupe, na harufu ya udongo ikawa nzito kiasi kwamba shangazi alikohoa katikati ya sala.

"Ongea na yeye," shangazi akasema. "Mimi hanijui vizuri."

Adongo akaegemea ile nafasi kwenye kochi. Akasema kwa kwikwi: "Apiyo, mimi sikufukuzi. Ningekuwa peke yangu ningekuacha ukae, hata uninyonye damu yote. Lakini Danford hana hata jino moja. Wewe unajua yale maumivu yalivyo. Unajua, Apiyo. Mimi na wewe tunajua kuliko mtu yeyote. Utampaje mtoto?"

Halafu kitu cha baridi kikamgusa kwenye sikio la kulia, kikalibana kidogo kwa vidole viwili na kuliachia. Ndivyo Apiyo alivyomfanyia tangu utotoni akitaka kusema tusigombane tena. Uzi ukalegea. Mistari iliyobaki ikatoka mfululizo kama maji, na Adongo akafumua huku haoni anachofumua kwa machozi.

Walikwenda kijijini siku iliyofuata kwa gari la kukodi. Nje ya ua, nyasi zilikuwa zimelifunika kaburi hadi usingejua kama kuna mtu. Shangazi akaling'olea nyasi kwa mikono yake. Mama Everlyne ndiye aliyekishika kile kidonge cha uzi njia nzima, na ndiye aliyepiga magoti akakizika, upesi upesi, akasawazisha udongo kabla mwingine hajainama.

"Oriti, nyathina," shangazi akasema. Kwaheri, mwanangu.

Danford alipona. Vidole vilinywea, akaanza kunyonya na kucheka. Precious alituma ujumbe kwa simu: namshukuru Mungu, sina kinyongo na wewe, ila kwa sasa usije, mama mkwe hataki. Frida akipita barabarani alipunga mkono kutoka upande wa pili. Adongo alisoma ule ujumbe mara nyingi sana. Alikuwa amemtoa pacha wake kwa ajili ya marafiki, na sasa hakuwa na pacha wala marafiki. Mchana bati lilialika, na halikuwa na maana yoyote. Alilala upande wake wa kochi, akaiacha ile nafasi nyingine, ingawa alijua hakuna wa kuikalia.

Kilichomshangaza ni mama yake. Mama Everlyne alianza kurudi mapema kutoka sokoni. Alikuwa akiimba. Siku moja jirani alimwita kwa kusahau, "Mama Apiyo!" na Adongo akasikia mama yake akiitika, tena kwa furaha, "Abee!"

Jioni hiyo Adongo alijikokota hadi jikoni. Mama yake alikuwa amempa mgongo, anasonga ugali, anaimba ule wimbo wa kuruka kamba ambao pacha wake aliupenda. Mvuke ulipanda. Ndani ya mvuke kulikuwa na harufu nyingine, Adongo akaijua, na akabaki ameshika fremu ya mlango. Mwiko ulikuwa ukizunguka sufuriani kwa nguvu. Mama yake alikuwa ameushika kwa mkono wa kushoto.

"Mama," akaita. "Ulibakisha uzi?"

Mwiko ukasimama. Mama Everlyne hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulishuka polepole hadi kiunoni, chini ya kitenge, ukagusa kitu kilichofungwa pale, ukahakikisha kipo.

"Wewe una mimi," akasema. "Una baba yako. Yeye yuko nje ya ua na baridi yote ile. Ana nani?"

"Mama, Waya alisema anaingia na ugonjwa wake. Atakuua."

"Niliwabeba wawili tumbo moja. Sikuambiwa niweke mmoja nje." Sasa aligeuka, na alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo Adongo hakuwa ameliona tangu masika yale. "Usimpigie Waya simu. Nakuomba, mwanangu."

Mama akataka kusogea, goti likamkataa. Akajishika kwenye meza, akaguna, akakaa taratibu kwenye kigoda na kunyoosha miguu. Magoti yote mawili yalikuwa yamevimba, ngozi inang'aa.

Adongo alitoa simu akainama karibu yake, namba ya shangazi yake iko mbele ya macho. Mkono wa kushoto wa mama yake ukainuka, ukamfikia sikioni, ukalibana kidogo kwa vidole viwili na kuliachia. Haukuwa wa baridi tena. Ulikuwa na joto.

"Niletee ile dawa ya kuchua," sauti ikasema.

Akaweka simu mezani. Akaleta chupa, akapiga magoti sakafuni, akamimina mafuta ya kijani kiganjani. Akaanza kuchua goti la kwanza, kisha la pili, polepole, kama walivyochuliwa wao wawili kila jioni ya utoto wao. Alikuwa analia, na hakuthubutu kuinua uso aone magoti anayoyachua ni ya nani.